Keria ya Mpima

Cheche alipanda ngazi akiombea kutu. Alitaka kidole kizame mahali pamoja tu kwenye ule mfereji mwembamba wa maji ya mvua unaopita pembeni mwa paa la gari, bati limeguke, naye ashuke aseme kwa uso mkavu kwamba poleni, gari limeoza, keria haiwezi kushika hapa, ahirisheni safari. Alipapasa upande mmoja, akahamisha ngazi, akapapasa upande wa pili. Chuma kizima. Lilikuwa gari kuukuu la porini, la enzi zile za bati nene na milango inayofungwa kwa kishindo, lakini mwenyewe alilitunza kama mboni ya jicho lake. Hata pembe za nyuma, ambako magari ya rika lile huanza kuoza kabla ya pengine popote, hazikuwa na doa.

"Vipi, binti, linafaa?" mwenye gari aliuliza kutoka chini.

"Linafaa," Cheche alijibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Mwenye gari aliitwa Mpima, kwa sababu alipima mashamba na mipaka ya watu mpaka akastaafu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata kivulini. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, hakuwa bahili, na Cheche alikuwa amechunguza. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa amemwoa mama yake. Ndoa ilifungwa ofisini, kimya kimya, kama wafanyavyo watu wazima wasiotaka makeke, na Jumamosi angemchukua mkewe ampeleke kwake, ng'ambo ya mito, mahali ambapo lami huishia njiani na daraja ni ahadi ya kila uchaguzi. Lori halifiki huko. Gari la Mpima linafika, ila halikuwa na keria, na mama alikuwa na vyombo vyake. Basi mama akamwambia binti yake, tena bila kumuuliza kama ana nafasi: "Mtengenezee Mpima keria. Iwe imara."

Watu wengi walidhani jina la Cheche lilitokana na mashine ya kuchomelea. La hasha. Marehemu baba yake alimpa jina hilo akiwa bado anatambaa, kabla hajashika hata nyundo, kwa sababu ya namna alivyokuwa akilia. Karakana aliirithi baadaye, pamoja na mashine, na ua uliojaa mabaki ya vyuma, na mama, ambaye tangu zamani ndiye aliyefuta maganda yanayobaki juu ya mishono ya kuchomelea na kupaka rangi kila kilichotengenezwa pale. Baba, mama na binti, kisha mama na binti. Na sasa huyu hapa, na kofia yake.

"Shika hapa," alimwambia Mpima, akimpa ncha ya utepe. "Usivute."

Mpima alishika, akasoma, akataja kipimo. Cheche akashuka, akazunguka, akapima upya mwenyewe. Kipimo kilikuwa kilekile. Akafanya hivyo kwa urefu, akafanya hivyo kwa upana. Mtu aliyewapimia watu mipaka maisha yake yote angekuwa na haki ya kununa. Huyu alitabasamu tu, akangoja. Cheche alitamani mzee huyo amtukane, walau mara moja, ili ugomvi uwe na watu wawili.

"Urefu, uangalie na kitanda," Mpima alisema utepe ulipokuwa unakunjwa.

"Kitanda gani?"

"Kile cha chuma. Mama yako anasema hakiachi."

Cheche aliutupa utepe juu ya meza ya kazi, akavuka uani, akaingia jikoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, akizifunga sahani kwenye magazeti makuukuu.

"Mama, kitanda unakwenda nacho wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Kitanda unakwenda nacho wapi?"

"Marahaba. Ninakokwenda mimi."

"Kitanda cha baba?"

"Kitanda changu. Baba yako alinitengenezea mimi, hakujitengenezea yeye. Miguu yake ilikuwa inaning'inia nje mpaka anaondoka duniani, na hakulalamika."

"Ukakilalie na mwanamume mwingine? Huoni haya?"

Mama alimaliza kufunga sahani aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya wenzake, akachukua nyingine. "Haya niliiona nikiwa msichana, mwanangu. Sasa naumwa mgongo."

Kama ungekuwa ugomvi wa nyumba nyingine, hapo watu wangecheka, na pengine mambo yangeishia hapo. Cheche alitoka akaubamiza mlango mpaka sufuria zikaitikia. Alizaliwa juu ya kitanda kile. Akiwa mdogo alihesabu mawimbi ya chuma ambayo baba yake aliyakunja kwa moto upande wa kichwani, na hakuna siku mbili alizopata idadi moja. Nje, muuza mbao wa jirani alikuwa ameegemea ua, mdomoni kijiti, masikio wazi.

"Hasira hasara, Cheche," alisema.

"Na mbao zako zilizopinda ndizo faida?"

Kesho yake akaianza kazi. Haikuwa kazi ngumu. Fremu ndefu kama paa, vyuma vya kukingama, ukuta mfupi wa kuzunguka ili mzigo usiteleze, na miguu sita, mitatu kila upande, yenye ndoana za kuuma ule mfereji wa paa na bolti za kukaza. Cheche alikata vyuma, akavipanga chini kwenye sakafu, akashikiza pembe kwanza, kidogo kidogo, kisha akawa anarukia pembe hii na ile ili moto usivute fremu ikapinda. Alifanya vizuri mno. Alikuwa na hasira mpaka meno yanauma, lakini mikono yake haikuwa imeambiwa. Miguu ya upande wa kulia ilishika kama iliyoota hapo.

Ndipo kicheko kikatoka jikoni.

Mpima alikuwa ndani akisaidia kufunga masanduku, na alikuwa amesema jambo, na mama alikuwa anacheka. Hakikuwa kile kicheko cha kumridhisha mteja, wala kile cha kufunika mdomo. Mama alicheka mpaka akaomba aachwe apumue. Cheche alisimama na kinga ya uso mkononi, akasikiliza, na hasira ikampanda kutoka visiginoni.

Alimkumbuka Mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu wake, na aliyejua ni wao wawili na Mungu. Alipohamishiwa mbali alimwambia, twende. Baba alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, mama hali, halali, anazunguka uani na brashi kavu mkononi. Cheche alimtazama mama yake, akamwambia Mwalimu kwamba hapana. Nyumbani, Mwalimu alipotajwa, alisema hamtaki, eti anatembea kama bata. Mwalimu akaenda na mwendo wake. Cheche akabaki kumlinda mama, akaona fahari kwa hilo, na kila jioni walipoketi wawili kula aliona kwamba alichagua vema. Leo anayelindwa yuko jikoni anavunjika mbavu.

Alipunguza moto wa mashine. Akainamia miguu ya upande wa kushoto, uliokuwa umemwelekea, akapitisha fito ya kuchomelea haraka, juu juu, mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Moto mdogo na mkono wa haraka haviunganishi chuma na chuma, vinakipaka tu. Lakini kwa macho, mshono ulikuwa mzuri kupita ule wa kulia. Kitanda kitasafiri juu ya mawe mpaka mto wa kwanza, alijiambia, kisha upande huu utaachia, nacho kitaingia majini, basi. Sahani zikae. Masanduku yakae. Kitanda tu. Hasira ina hesabu zake, na jumla hutoka vile inavyotaka yenyewe.

Alasiri mama alikuja na kopo la rangi nyeusi, kama alivyofanya kwa kila kazi. Alichukua nyundo ndogo ya kupondea maganda, akaanza kugonga mshono mmoja mmoja. Cheche alijishughulisha na kukunja waya. Alisikia nyundo ikigonga upande wa kulia, ikahamia kushoto, ikagonga, ikatulia, ikagonga tena palepale. Halafu kimya. Kisha brashi ikaanza kupita.

"Kazi nzuri," mama alisema alipomaliza, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaingia ndani.

Cheche alilala na neno hilo likimkwaruza. Alijiambia ataamka mapema, afungue miguu ile, arudie kazi kabla mtu hajamwona. Na kweli aliamka mapema. Lakini Mpima alikuwa mapema zaidi. Alikuwa uani na kamba zake, amevaa shati lililopigwa pasi, anapiga mluzi, na mluzi ule ulitosha kumfunga Cheche mdomo. Waliipandisha keria wakishirikiana na muuza mbao. Cheche alikaza bolti moja baada ya nyingine, na kwa kila bolti alisema moyoni, nitasema baada ya hii.

Keria ilikaa juu ya paa kama iliyozaliwa na gari. Muuza mbao alirudi nyuma hatua kadhaa, akaisifu. "Mkono wa baba yake huo," alisema, na Cheche akatamani kumziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Karakana ile ilikuwa na desturi ambayo marehemu hakuivunja hata siku moja: kazi haitoki getini kabla aliyeitengeneza hajaiwekea uzito wake mwenyewe. Akitengeneza kitanda, alikilalia. Akitengeneza ngazi, aliipanda. Geti alilining'inia akabembea nalo, mtu mzima na mvi zake, wapita njia wakimcheka. Cheche naye hakuwahi kutoa kazi bila kuipanda. Asubuhi ile alikwenda kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, akakitafuta kwa muda mrefu.

"Hujapanda," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa nguo za safari.

"Iko sawa."

"Hujapanda, Cheche."

"Watu wana safari, mama. Jua linawaka."

"Basi nitapanda mimi."

Akajifunga gauni kiunoni, akaparamia ngazi na mgongo wake ule unaouma, na kabla mtu hajajua amshike wapi, alikuwa ameshafika juu. Alitembea juu ya vyuma kwa uangalifu, akafika ukingo wa kushoto, akasimama hapo kwa miguu yote miwili. Chini yake keria ilitoa mlio mdogo, kama kijiko kinapogusa jino.

"Mama, shuka."

"Kwa nini?"

"Shuka tu."

"Nimepanda kwa taabu. Sishuki bila sababu."

"Mama, nakuomba, shuka!"

"Sema kwa nini."

Cheche alimtazama Mpima, akamtazama muuza mbao, akaitazama ardhi. "Upande huo haujashika," alisema. "Nimeuchomelea juu juu."

Kijiti cha muuza mbao kilisimama mdomoni.

"Najua," mama alisema kutoka juu. "Niligonga jana. Nimefuta mishono ya baba yako kabla wewe hujazaliwa, mshono mfu naujua kwa mlio. Nikapaka rangi, nikanyamaza. Nikalala nikisema, mwanangu atakuja kuniambia. Nikaamka nikisema, atakuja kabla ya chai. Chai tumekunywa."

"Nilitaka kitanda kianguke! Kitanda peke yake!"

"Mimi nakaa upande gani, Cheche?"

Cheche aligeuka kulitazama gari. Mlango wa abiria, kushoto. Kioo kilikuwa kimeshashushwa, kwa kuwa mama hakuwahi kupanda gari bila kutoa mkono nje, mvua inyeshe, jua liwake. Katika hesabu zake zote kitanda kilianguka kutoka kwenye gari lisilo na watu. Alikiona sasa kikishuka na miguu yake ya chuma, na akaona kinashukia wapi. Alishika ubao wa ngazi, na kwa kuwa hakuwa mtu anayejua kuogopa, hofu yote ikamtoka kwa njia anayoijua.

"Nilimwacha Mwalimu kwa ajili yako!" alipiga kelele. "Unajua? Nilikuwa namtaka! Nikabaki hapa ili usile peke yako, usilale peke yako, na wewe unakwenda zako unacheka!"

"Mwalimu yupi? Yule bata?"

"Hakuwa bata! Alikuwa anatembea kama watu!"

"Uliniambia humtaki!"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umeshika brashi kavu!"

"Nani alikutuma unilinde?" Sasa mama naye alikuwa amewaka, na ilionekana wazi mtoto alikoitoa tabia hiyo. "Mimi ni kuku? Nilikuomba? Mimi ndiye niliyekuwa nakulinda wewe! Unafikiri nilikuwa napenda kukaa kwenye moshi huu na mgongo huu? Nilisema, mtoto hana baba, hana mume, anagombana na kila mteja, nikiondoka atakula nini, ataongea na nani?"

"Ni kweli," Mpima alisema. "Mimi nilimwomba zamani sana, akaniambia nisubiri kwanza wewe—"

"Nyamaza!" walimwambia wote wawili, kwa sauti moja, na Mpima akanyamaza na kamba zake.

Muuza mbao aliona ni zamu yake. "Ndiyo maana wahenga wakasema, hasira—"

"Wewe kauze mbao," mama alimwambia.

Mama alikuwa bado amesimama juu ya gari, kifua kinapanda na kushuka, gauni limefungwa kiunoni, soksi moja imeshuka. Cheche alimtazama kutoka chini. Hakuwahi kumwona mama yake kutoka chini tangu alipokuwa mtoto. Alikuwa amekonda usoni, na alikuwa amezeeka, na alikuwa amemsubiri yeye kama yeye alivyomsubiri, meza moja, jioni zote zile, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimoyomoyo na kumpitishia chumvi.

"Shuka, mama," alisema. Safari hii hakupiga kelele. "Njoo unishikie."

Mama alishuka. Waliifungua keria, wakaiteremsha, wakaipindua juu ya sakafu. Cheche alikata miguu ile mitatu, na ilikatika upesi kuliko inavyotakiwa, mmoja ulimtoka mkononi kabla hata hajaumaliza. Aliuokota, akautazama, akautupa kwenye mabaki. Akasaga rangi mpaka chuma kikang'aa, akapandisha moto wa mashine, akachomelea polepole huku mama amegeuzia uso pembeni na mikono miwili imeshikilia miguu isiteleze. Mama aligonga. Mlio ulitoka safi. Aligonga wa pili, akagonga wa tatu, akarudi kugonga wa kwanza, na Cheche hakuudhika.

Keria iliporudi juu ya paa, Cheche alipanda mwenyewe. Hakupanda kama anayejaribu kazi. Alipanda kama aliyekuja kugombana nayo. Aliruka, akakanyaga kwa visigino, upande wa kulia, upande wa kushoto, kushoto tena, mpaka gari lote likayumba na Mpima akaweka mkono kwenye taa ya mbele kulituliza. Vyuma havikusema neno. Kitanda kikapandishwa, kikafungwa kwa kamba, masanduku yakafuata. Cheche alikaza mafundo yote upya, hata yaliyokuwa yamekaza. Kisha akaketi kando ya kitanda, akashika wimbi moja la chuma la upande wa kichwani, akatulia.

"Shuka, tunaondoka," mama alisema.

"Ondokeni."

"Nawe uko huko juu?"

"Chuma kikiwa kimesimama hakisemi ukweli. Nataka kukisikia kikitikiswa. Nitashuka lami inapoishia."

Mpima alivua kofia yake, akaitazama kana kwamba ndani mna ushauri, akaivaa tena, akaingia akawasha gari.

Walipita mitaani hivyo, mwanamke mwenye nguo za kazi juu ya gari, amekumbatia kitanda, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya ili watazame vizuri. Cheche aliwakazia macho mpaka wakageuka. Alikuwa anasikiliza. Upepo ulivuma, kamba zililia, bati lilinguruma, lakini miguu ya keria ilikuwa kimya. Kupitia kwenye paa alisikia sauti zao wawili, ya mzee nzito, ya mama nyembamba juu yake. Kisha kicheko. Aligonga bati kwa ngumi.

"Polepole!"

Kicheko kilikatika. Baada ya muda kikarudi, kimepunguzwa.

Hasira bado alikuwa nayo. Ilikuwa imemkaa kifuani na haikuonyesha dalili ya kuondoka, ila sasa hakujua amwelekezee nani. Mwalimu labda ameoa. Labda hajaoa. Hakuwahi kuuliza, kwa kuwa aliyeuliza angekuwa anakiri. Jioni atarudi kwenye nyumba yenye chumba kitupu, na atakula, na hatakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mkono wa mama ukatoka dirishani. Ulikwea kwenye fremu ya mlango, ukapapasa, ukaufikia mguu wa mbele wa keria, mahali pa mshono mpya ambao haukuwa na rangi, ukaufumbata, ukabaki hapo. Rangi nyeusi ya jana ilikuwa bado imeganda kwenye kucha. Cheche angeweza kuinama akaugusa. Aliutazama tu, mtaa baada ya mtaa, mpaka nyumba zikaanza kuachana na hewa ikabadilika.

Gari likapunguza mwendo, likasimama. Mbele yao lami ilikuwa imeishia ghafla, imemeguka ukingoni, na barabara ya udongo ilishuka yenye mawe na makorongo kuelekea kwenye mto wa kwanza. Mpima hakuzima injini. Alitoa kichwa nje, akashika kofia isianguke, akatazama juu.

"Lami imeisha, binti."

Mkono ulikuwa bado kwenye mguu wa keria. Haukuondoka, wala haukusogea. Cheche aligeuka akaitazama njia ya kurudi, nyeupe kwa jua, haina mtu. Kisha akajivuta karibu na kitanda, akapitisha mkono wake chini ya kamba.

"Haijatikiswa vya kutosha," alisema. "Endesha."